Mama mkwe kwenye akaunti yangu

Jumanne, Sultan Hamud

Nilikuwa nimeshaamua kuikata hii akaunti. Kila mwezi nalipia hizi filamu za mtandao, na nikitoka dukani nasinzia kabla hata hadithi haijaanza.

Jioni nikafungua TV, nikakuta kuna mtu yuko katikati ya tamthilia ya daktari na mke wake mwongo. Si mimi. Nikamuuliza mke wangu, Mama Mutheu.

"Ni mama," akasema. "Nilimwekea kwa simu yake."

Mama mkwe, kule Mukuyuni. Tangu nioe binti yake hatujawahi kuketi chumba kimoja. Hiyo ndiyo nthoni, heshima yetu Wakamba. Nikifika kwake yeye huwa jikoni, tunasalimiana ukuta ukiwa katikati. Sasa kumbe tunaangalia filamu kwa akaunti moja. Nikaona haya, kama nimemkanyagia mkeka. Nikasema basi, leo naikata kabisa.

Lakini nikataka kwanza kuona huyo daktari. Nikabonyeza pale mama alipofikia, na usingizi ukanibeba kwa kochi. Tamthilia ikaendelea yenyewe.

Niliamshwa na simu ya Mama Mutheu. Alikuwa anasikiliza huku akijizuia kucheka.

"Mama anauliza nani amempeleka mbele hivyo. Nimemwambia ni wewe." Akasikiliza tena. "Anasema umrudishie pale alikuwa, na siku ingine umngojee."

Nimemrudishia. Nimelipia mwezi mwingine pia. Bado sijui kama huyo mke alishikwa, lakini nitangoja.