Dirisha la Bafu Nililoliziba

Uvira, Jumatano, 1964

...na mimi niliyejiona fundi! Mama mkwe, aliyekimbia vita Luberizi, alikataa kuoga kwetu kwa sababu dirisha la bafu la nyumba hii ya zamani linatazama uani, ninakoshinda mimi mkwe wake. Jana nikaliziba kwa matofali.

Leo risasi zimelia Kavimvira, hapa jirani. Mke wangu akanong'ona: "Baba Furaha, si ni mule dirishani tulisema tutatokea wenye bunduki wakifika?" Mlango wetu ni mmoja tu, unatazama barabara.

Mama mkwe, ambaye kwa heshima ya ukwe hajawahi kunisemesha, akasema nyuma ya pazia: "Mukwe, bomoa. Aibu nitavumilia. Risasi, hapana."

Nimeingia bafuni. Nimesukuma tofali kwa kidole, likaanguka. Asante Mungu, mimi ni fundi mbaya.