Mikononi mwa Aloys

Buyenzi, Bujumbura
Jumatatu, 19 Mei 2025

Kwa dada yangu Khadidja,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto wote hapo Kigoma, na kwamba lile goti limepoa tangu ulipoanza dawa mpya. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mke wangu Fadhila anakusalimu sana, na mama yake wa Gatumba pia. Mwaka huu maji ya mafuriko hayakuingia nyumbani kwake. Gereji inakwenda polepole, maana mafuta ya gari yanatafutwa kwa tochi, na gari lisilotembea haliharibiki. Lakini hatulali njaa.

Ukiona mwandiko umepinda usishangae. Vidole vimevimba kidogo, na si kwa sababu ya spana. Dada, na umri wangu huu wa miaka arobaini na miwili, nimeanza kujifunza mieleka ya chini, ile wanayoiita jujitsu ya Kibrazili.

Ilianza hivi. Mwezi wa pili mteja mmoja alinitukana kwa ajili ya breki, nikajikuta nimenyanyua spana juu ya kichwa chake. Hasira zangu unazijua. Wewe ndiye uliyenilea baada ya mama, na wewe ndiye uliyekuwa ukienda kuniombea msamaha kwa majirani. Alhamdulillahi, mkono ulisimama hewani. Fadhila, aliyekuwa ameniletea chakula, aliona yote. Hakupiga kelele. Aliniambia tu kwamba siku spana ile itakaposhuka, yeye atarudi kwa mama yake. Alikuwapo pia Rénovat, fundi umeme mwembamba aliyekuwa anasubiri pikipiki yake. Akaniambia, "Hamimu, kuja Jabe Jumamosi. Utapigana mpaka uchoke, na hakuna mutu utaumiza."

Nikaenda. Ni chumba kirefu nyuma ya soko la mtaa huo wa Jabe, sakafu imetandikwa mikeka ya mpira, na ndani mna wanafunzi, muuguzi mmoja, hata mama muuza ndagala, yaani dagaa. Nilipogundua kwamba mwalimu ni Rénovat mwenyewe, nilicheka. Mimi nina kilo tisini na tatu. Zake hazifiki sitini. Akanialika nimwangushe. Sijui nilifikaje chini, dada. Nilijikuta chali, amenikalia kifuani, na kila nilipomsukuma alizidi kuwa mzito. Akaniambia kwamba kinachonichosha ni nguvu zangu mwenyewe.

Baadaye alitusimulia asili yake. Mchezo huu ulitoka Japani, kwa wapiganaji wa kale waliotaka kumdhibiti adui hata wakipoteza silaha. Yapata miaka mia iliyopita, Mjapani mmoja alivuka bahari hadi Brazili akawafundisha vijana wa huko. Miongoni mwao walikuwamo wembamba wasioweza kumwinua mtu, basi wakaushusha mchezo chini, maana chini mrefu na mfupi hulingana.

Hakuna ngumi wala teke. Tunavaa koti nene la pamba na mkanda. Ukiwa chali hujashindwa bado: unamfunga mwenzako kiunoni kwa miguu yako, unamvuta asiinuke, kisha unautafuta mkono wake uunyooshe kwenye kiwiko, au unaikamata kola yake umbane nayo shingo. Lakini sheria kubwa ni moja. Anayebanwa akigonga kwa kiganja mara mbili, mwenzake anaachia papo hapo, bila swali.

Miezi hii michache mgongo umeacha kuniuma, na tumbo ambalo shemeji alikuwa akilicheka limepungua. Hata wateja wakinitukana, navuta pumzi kwanza. Mtu akikulalia kifuani nawe ukakasirika, pumzi inakuisha; hilo mwili wangu umelielewa kabla ya kichwa.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe. Juzi Jumamosi Rénovat alinipanga na mtu wa kundi la asubuhi, mwenye mkanda wa bluu, daraja moja juu ya mweupe wangu. Anaitwa Aloys, karani wa serikali, mtu wa sauti ya upole. Nilipomwona, nilirudi nyuma hatua mbili. Tulikuwa tunafahamiana, na ni kwa namna gani nitakuambia baada ya mistari michache. Nivumilie, mkono ni mzito. Nilitaka kusingizia ugonjwa. Yeye akapiga magoti kwenye mkeka, akaninyooshea mkono.

Hatukumaliza dakika mbili. Alinizunguka mgongoni, mkono wake ukapita chini ya kidevu changu, kola ikabana. Nilijua shingo yangu iko kwa mtu mwenye kila haki ya kunichukia. Nikachelewa kugonga. Haikuwa kiburi, dada, niliona kama sistahili kuachiwa. Macho yalipoanza kuingia giza, nikagonga. Akaachia mara moja. Akanilaza taratibu, akaniinua miguu, akasema, "Pumua, ndugu. Pumua polepole." Nikalia mbele ya watu wote.

Tukaketi kando ya ukuta. Nikamuuliza kwa nini hakuniumiza. Akajibu, "Mi nilianza huu mchezo juu yako. Nilikuwa naogopa hata kupita Buyenzi. Kila mutu wa mabega mapana nilimuona ni weye. Nikasema, siku moja nitamupata. Leo nimekupata, na moyo umekataa." Kumbe aliliona jina langu kwenye daftari la mahudhurio tangu mwezi wa tatu, na yeye ndiye aliyemwomba Rénovat atupange pamoja.

Dada, miaka mitano iliyopita nilikuandikia kwamba nimepata kazi Uvira, kule Kongo. Sikuvuka mpaka hata siku moja. Miezi ile saba nilikuwa gerezani. Aloys aliniletea gari, tukabishana kwa jambo dogo la gia, nikampiga ngumi nikamvunja taya. Fadhila nilimlazimisha akufiche. Alipokuja gerezani akaniambia kwamba unanisomea dua ya msafiri kila swala, nilimwambia aendelee kuficha. Na nilipotoka, sikwenda kumwomba Aloys msamaha. Nikimwona, nilibadilisha njia.

Jumamosi nilimwomba. Alisema alinisamehe palepale mkekani, ila alitaka kwanza nimwone akiwa na nguvu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, mwepesi kama aliyetuliwa gunia kichwani, nikalala hadi adhana ya alfajiri bila kugeuka. Sasa limebaki lako. Nisamehe uongo ule, dada. Ukitaka kunigombeza, piga simu unigombeze. Nitasikiliza mpaka mwisho.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na bibi jirani usimsahau. Jumapili Aloys na mkewe Spéciose watakuja kula kwetu. Fadhila ameniuliza apike nini, nikamwambia nyama aichemshe sana, maana mgeni wetu bado anatafuna kwa upande mmoja.

Mdogo wako akupendaye,
Hamimu