Niwekee Dada Yako

Dada yangu Zainabu,

Naiandika barua hii nikiwa kibandani kwangu, hapa Ng'ambo ya Tabora, saa hizi za mchana ambazo wateja hawaonekani. Nimeianza mara mbili kwa kukusifu na kukuombea dua, nikaichana mara zote mbili. Dua nakuombea kila siku, hilo Mungu analijua. Leo nataka kukwambia jambo lingine. Nakuonea wivu, dada. Mwaka wa pili huu uko kaburini, na mimi mtu mzima na akili zangu bado nakuonea wivu.

Haukuanza leo. Unakumbuka Mama alipokuwa akifanya usafi maktaba, nasi tukitoka shule tunapitia huko kumsubiri? Wewe ulikuwa unachagua kitabu, unakaa juu ya meza ambayo haikuruhusiwa kukaliwa, unamsomea huku akipiga deki. Mama wakati ule alikuwa anasoma kwa kuunganisha herufi, kama alivyojifunza kwenye kisomo cha watu wazima. Ukifika mahali pazuri, deki inasimama. "Rudia hapo, Zainabu," anasema. Unarudia. Mimi nilikuwa na kazi yangu: kubeba ndoo ya maji machafu na kwenda kuyamwaga. Kila niliporudi, hadithi ilikuwa imeshanipita, na hakuna aliyefikiri kunisimulia nilichokikosa.

Basi tukakua. Ukawa mwalimu, ukapangiwa Usinge huko mpakani mwa misitu. Mimi nikabaki na Mama, nikafungua kibanda cha vitabu vya mitumba, vya kuuza na vya kukodisha. Kisha presha ya macho ikamshika Mama. Liliondoka jicho la kulia, likafuata la kushoto, na yule aliyefuta vumbi vitabu vya mji mzima akawa anapapasa ukuta kwenda msalani. Hapo ndipo zamu yangu ilipofika. Kila alasiri nilifunga kibanda mapema, nikarudi nyumbani, nikamsomea. Tulisoma riwaya baada ya riwaya. Ile ya mpagazi wa misafara tuliisoma mara nne, ile iliyong'oka jalada na kurasa za mwanzo, hata hatukuwahi kujua jina lake wala la mwandishi. Mpagazi anaondoka Tabora na pembe mabegani kwenda pwani, mkewe anabaki akihesabu miezi kwa mafundo ya kamba. Mama alikuwa akifika pale kwenye kamba anatikisa kichwa. "Rudia hapo," ananiambia mimi, Mwajuma. Hujui nilivyokuwa nikilisubiri neno hilo. Wewe ulikuwa na mshahara, na wanafunzi, na watu wakikuamkia shikamoo mwalimu barabarani. Mimi nilikuwa na alasiri hizo.

Kisha likizo moja ukaja na simu.

Ulikuwa umemnunulia Mama, ya vitufe vikubwa, yenye kadi. Ukajifungia chumba cha ndani na vitabu vyangu, vitabu vya kibandani kwangu, ukavisoma vyote unavyovipenda kwa sauti na kuvirekodi. Likizo nzima. Mama akawa anakaa na simu sikioni kama msichana aliyepata mchumba. Nilidhani ukiondoka yataisha. Kumbe ulikuwa umewatumia walimu wenzako kwenye kundi lenu la WhatsApp, nao wakawatumia ndugu zao, na haukupita muda kila mahali wakawa wanamsikiliza Mwalimu Zainabu.

Likizo iliyofuata tuligombana mlangoni, begi lako likiwa tayari bega kwa bega na kuku uliyepewa. Nilikwambia, "Dada, unagawa bure kitu ninachouza."

Ukacheka. "Mdogo wangu, anayesikiliza ipo siku atataka kukiona kitabu chenyewe."

"Atakitakia wapi? Wanafunzi wanakuja kibandani wanapiga picha kurasa, wanarudisha kitabu. Wengine wananiuliza kama nina sofkopi. Sasa na wewe."

"Usinge hakuna kibanda chako, Mwajuma," ukasema, na hukucheka tena. "Kuna watoto pale hawajawahi kusomewa hata ukurasa mmoja."

Hata kukusindikiza kituoni sikukusindikiza. Mvua za mwaka huo zikakukuta na homa, siku nne tu, na ya tano tukakupokea ukiwa umefunikwa. Hilo sitaliandika zaidi. Unajua nilivyolia; kama huko mliko hamjui, basi ujue.

Baada ya arobaini nikachukua ile riwaya ya mpagazi, nikakaa mkekani kwa Mama kama zamani. Nikasoma kurasa mbili. Mama akanishika mkono kwa upole kabisa. "Mwanangu, pumzika. Niwekee dada yako."

Nikaweka. Kesho yake pia. Ikawa ndiyo ada ya nyumba: nimpikie, nimwogeshe, nimpeleke kliniki ya macho ambayo haina tena la kufanya, nimkate kucha; akishashiba, "Mwajuma, niwekee dada yako." Hata jina la kitabu hakulitaja. Aliyemtaka ni wewe.

Nilivumilia. Siku ile alipokuja jirani yetu Bi Mwanahawa kumjulia hali ndipo nilipovunjika. Nilikuwa nawamiminia chai. Bi Mwanahawa akasema, kwa nia njema tu, "Una bahati, Mwajuma yuko hapa kukusomea." Na Mama, bila hata kushusha sauti, akajibu, "Huyu akisoma nasikia maneno. Zainabu akisoma, naona."

Mama asiyeona, dada. Aliniambia kwamba wewe uliyekufa unamwonesha, na mimi niliye hai namsikilizisha maneno.

Jioni hiyo alipoingia kuoga nilichukua simu. Nilikutafuta kwenye kadi, nikazichagua rekodi zako zote. Simu ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Halafu nikajaza kadi ile kaswida na mawaidha, ili isiwe tupu, na ili mimi nijione nimefanya jambo la dini.

Alipotaka nikuweke, nikamwambia kadi imeharibika. Nilijiandaa kwa kilio. Hakulia. Aliniomba nimtolee ile kadi, akaishika kwa ncha za vidole, akaniuliza kama labda imeingia unyevu. Nikasema labda. Asubuhi nikamkuta uani, ameiweka kwenye sahani ya bati, juani. Kila baada ya muda alinyoosha mkono akaigeuza, kama mtu anavyogeuza michembe ya viazi isioze upande mmoja. Kesho yake hivyohivyo. Siku ya tatu akaniita: "Mwajuma, hebu jaribu sasa, nadhani imekauka."

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa chini.

Fundi simu wa sokoni aliniangalia kwa huruma. "Ungeiacha ilivyo, dada, ningejaribu. Lakini umeshajaza vitu vingine juu yake." Simu yako mwenyewe tunayo, lakini inataka namba ya siri ambayo umeondoka nayo. Nikawapigia walimu wenzako Usinge: mmoja alibadilisha simu, mwingine alifuta ili apate nafasi ya picha za harusi. Sauti ambayo nililalamika kwamba iko kila mahali, nilipoitaka mimi haikuwa popote.

Sasa sikiliza. Wiki iliyofuata alisimama kibandani mwanamke wa makamo, amebeba mfuko wa karanga. Hakuwa mtu wa kununua vitabu, nilimwona kwa jinsi alivyosimama mbali navyo.

"Samahani," akasema, "nimeambiwa hapa vinauzwa vya zamani. Natafuta kile cha mpagazi. Anachosoma Mwalimu Zainabu."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Wewe umemsikia wapi?"

"Kwenye redio yangu ya kadi, nyumbani Kigwa. Tunabangua karanga tukimsikiliza. Nataka nione yameandikwaje."

Hata hilo, dada! Ulisema atakuja mtu kutaka kitabu, na ukamleta mwenyewe, mpaka mlangoni kwangu. Nakuapia, kilichonipanda kwanza hakikuwa furaha. Niliona uchungu kwamba hata mteja wangu pekee wa siku ile ni wako.

Anaitwa Kabula. Nikamwambia kitabu kipo, nitampelekea mwenyewe, sharti aninakilie ile sauti. Siku ya Jumamosi nikamwachia Bi Mwanahawa Mama, nikapanda gari la Kigwa nikiwa na ile riwaya kwenye mkoba.

Nilikuta wanawake watano uani kwa Kabula, karanga katikati yao, na sauti yako imetanda juu ya paa. "Mwangaluka," wakanisalimu, nikaitikia, nikapewa kigoda. Hakuna aliyekuzima kwa ajili ya mgeni. Ulikuwa umefika pale mke wa mpagazi anapokatazwa na wakwe kufunga fundo jingine. Wale wanawake walikuwa wameacha kubangua. Mmoja akamkemea mkwe kwa Kinyamwezi, kwa hasira ya kweli. Nikaelewa kwa mara ya kwanza maana ya maneno ya Mama. Husomi haraka, dada. Ukifika penye uchungu unapunguza mwendo, unamwachia msikilizaji nafasi aingie. Mimi nikifika pale nakimbia, kwa sababu nasubiri kuambiwa nirudie. Unasoma vizuri kuliko mimi. Nimeliandika, na limenichoma kuliandika.

Kisha, kati ya sura na sura, nikasikia mlango ukigongwa ndani ya redio, na sauti kali ya mwanamke: "Dada, chai inapoa! Au mpaka nikuletee na kitanda?" Ukacheka, ukasema, "Nakuja, Mwajuma, usinichome." Halafu kimya, halafu ukaendelea.

Wanawake wote uani wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Hapo ndipo ninapopapenda. Huyo wa chai ana mdomo!"

Sikujua kama niseme. Nikasema. "Ni mimi."

Kabula akaweka chini ungo wake. "Mwajuma ni wewe? Sisi tunajiulizaga kila siku, huyu mtu alimpelekea chai au hakumpelekea?"

"Nilimpelekea," nikasema. "Na maandazi." Kisha nikawaambia tumeshakuzika. Ndipo wakajua kwamba Mwalimu Zainabu ni marehemu. Hawakuwa wanajua. Yule aliyemkemea mkwe akajifunika uso kwa khanga.

Kabula alininakilia zote, na nikampa kitabu. Nilikuwa nimepanga kumwonesha tu na kurudi nacho. Lakini alikifungua, nikamtafutia mahali ulipofikia, akaweka kidole kwenye mstari, akawa anakufuata neno kwa neno, midomo ikicheza. Aliachia darasa la pili, aliniambia, na herufi zilikuwa zimemtoroka. Anazirudisha kwa sauti yako. Nikamwachia. Nilirudi Tabora sina hata karatasi moja ya riwaya ile tuliyoisoma mara nne, na humo garini nilikuwa nikijiuliza mimi nimemfundisha nani kusoma.

Nilimkuta Mama mkekani. Nikamshikisha simu, lakini kabla sijabonyeza nikamwambia. Nilimwambia yote: kwamba kadi haikuwa na unyevu, kwamba ni mimi niliyefuta kwa kidole changu, kwamba siku zile tatu za jua nilikuwa namtazama na sisemi.

Akaiweka simu mapajani, akauliza, "Nilikukosea nini?"

"Ulisema Zainabu akisoma, unaona. Ulisema mbele ya watu."

"Nilisema." Hakukana, unamjua Mama. "Anasoma vizuri. Nikudanganye?"

"Hapana, Mama."

"Ulichofanya kimeniumiza, Mwajuma. Sitakwambia hakikuniumiza." Akaipapasa simu, akaigeuza mapajani. "Lakini na wewe huniulizi. Unadhani nikiwa naye humu nimestarehe? Namwita. Katikati ya hadithi namwita, Zainabu, Zainabu mwanangu. Hata siku moja hajasita. Yeye husoma tu." Akanyoosha mkono hewani, nikampa wangu. "Wewe nikikuita unaitika."

Tulikaa hivyo mpaka adhana. Kisha akasema nikuweke, nikakuweka, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke sikuinuka kwenda jikoni kukukwepa.

Wivu haujaisha, usije ukadhani. Jana wamekuja wanawake wawili kutoka Kigwa kuuliza vitabu "vya Mwalimu", nikawauzia nikiwa nimekunja uso. Mama bado anakutaka wewe alasiri. Mimi ananitaka kwa mengine yote, na siku hizi, akishachoka kukusikiliza, ananiuliza wateja wamesemaje, nani kapita, nani kanikera. Namsimulia. Wewe hayo huyajui, na huwezi kumsomea. Yabaki yangu.

Lala salama, dada. Natamani tungegombana tena pale mlangoni, na safari hii ningekubebea kuku mpaka kituoni.

Mimi, mdogo wako wa tumbo moja,
Mwajuma