Watoto Uliowachora, Mama, na Vikaratasi vya Mhariri Mkuu

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, miwani bado iko puani. Tunakuandikia mbele za watu kwa sababu wapo wanaopaswa kusikia, na mmoja wao anajijua.

Kwa miaka ishirini na minane ulichora vitabu vya watoto. Hukuwahi kutupa karatasi. Bahasha, barua za shule, kalenda kuukuu, zote ulizigeuza ukajaribia rangi upande wa pili kabla hujaigusa picha. Baba alikutania, "Iko siku utanijaribia mimi usoni." Ukamjibu, "Wewe geuka tu, mgongo ndio mpana."

Na rangi hukuzibania. Mtoto wa fundi viatu alipata weusi wake, wa muuza dawa weupe wake, mapacha wa kinyozi maji ya kunde yao. "Mtaa mzima umo humu," ulikuwa ukisema. "Asiyejiona aje anigombeze."

Halafu kitabu kinatoka, wote wamepauka kama shuka zilizolowekwa dawa ya madoa. Mhariri mkuu, yule bwana wa tai na kicheko cha meno tu, alikurudishia picha baada ya picha na kikaratasi kimebanwa kwa pini. "Punguza weusi." "Nywele zilale." "Huyu wa mbele aende nyuma." Ulipokataa, aliwapa watu wake wa kompyuta wakamalizia. Ulimfuata ofisini mara ngapi, Mama? Alikuambia wazazi hawanunui jalada lenye sura kama hii, na kalamu yake ilikuwa juu ya sura ya mjukuu wako.

Maana kitabu cha mwisho ulimchora Kigelegele wetu, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Ulimchora alivyo: mweusi tititi kama wewe, mwanya wazi, nywele zimesimama. Ulimwahidi kwamba yeye ndiye ameshika bendera jaladani. Kitabu kilipofika alikipokea mbio, akatazama mbele, akageuza nyuma, akarudi mbele tena.

"Bibi, mimi niko wapi?"

Uliosha brashi zako, ukazisimamisha kwenye kopo, na hukuzishika tena. Miezi minne baadaye ukaondoka. Daktari alisema ni moyo, na sisi tunajua nani aliuchosha.

Bwana huyo alikuja mazishini. Aliomba kipaza sauti, akasema ulikuwa mama wa watoto wa rangi zote. Tuliuma meno tukanyamaza, kwa heshima yako. Mwaka mmoja wa kunyamaza unatosha.

Alisahau kwamba wewe hutupi karatasi. Tulipopanga chumba chako, Kaka alivuta sanduku lililokuwa chini ya meza. Picha zote alizozikataa zimo, na vikaratasi vyake mia na kumi na viwili, mwandiko wake, sahihi yake, tarehe. Nyuma ya kila kimoja umejaribia rangi zako mpaka pembeni.

Jumamosi hii, saa nne asubuhi, tunavitundika vyote katika maktaba ya watoto inayotazamana na ofisi yake: picha yako, ukurasa aliouchapa, na kikaratasi chake katikati. Walimu, wazazi na wenye maduka ya vitabu wote wamealikwa. Naye tulimpelekea kadi. Alijibu kwa maandishi kwamba atakuja, tena anaomba kusema machache. Kiti chake ni cha mbele kabisa. Tuone sasa kama atakikalia.

Machache hayo atayasema Kigelegele. Siku hizi anasoma vizuri, na ameomba avisome vikaratasi hivyo yeye, kimoja baada ya kingine. Sisi tulimkatalia, tukasema maneno yale ni mabaya kwa mtoto. Akatuuliza, "Ameandika yeye, kwa nini nione haya mimi?" Kwa hiyo atavisoma, na kipaza sauti hatakihitaji.

Wanaokukumbuka ni mumeo. Wanao, fundi umeme, muuguzi na mwalimu. Dada yako mshona nguo. Wakwe zako wote. Na mjukuu wako wa jaladani.

Wewe hutatutoka moyoni maisha yetu yote, Mama. Na yeye pia hatujamsahau.