Madoa Miguuni kwa Baba

S.L.P. 14,
Tunduma.
19 Agosti 2003

Mpendwa kaka Habibu,

Assalaam alaykum. Nakusalimu wewe, wifi Bushra na Salum mdogo. Kifua chake kimetulia? Huku vumbi limetuzidi, linaingia mpaka kwenye unga. Mimi mzima wa mwili, ila situlii. Naandika kidogo, nainuka kutazama malori yaliyopanga foleni ya kwenda Zambia, narudi.

Barua yako kwa mama imefika. Aliniomba nimsomee, nikaisoma yote, hata pale ulipomwambia amwache baba aje Kigoma kwa nauli uliyoiweka ndani ya bahasha, kabla na yeye hajamalizika. Najua madereva wamekufikishia maneno. Naomba sasa utusikie na sisi.

Yalianza madoa meusi miguuni kwa baba, yakawa vinundu, kisha miguu ikavimba asiweze kuvaa viatu. Sokoni wakasema ni UKIMWI. Msikitini wakawa wanamwitikia salamu kwa mbali. Wateja wa mchele wakahamia kwingine. Nikodemo tu, yule mkulima wa Igamba anayetuletea mahindi, ndiye bado anampa mkono na kukaa naye dukani.

Tulimpeleka Mbeya. Walimpima damu, wakarudia: hana virusi vya UKIMWI. Mama naye hana. Wakakata kipande cha kinundu, na majibu yalipotoka daktari, dada mmoja aitwaye Lusungu, akatuita sote. Ni saratani, kaka, na inatokana na kirusi kingine, cha ukoo mmoja na kile kinacholeta malengelenge mdomoni.

Baba akauliza, "Kirusi kinageuzaje nyama yangu kuwa saratani?"

"Kinaingia ndani ya seli na vinasaba vyake, mzee," daktari akasema. "Baadhi vinafanana na vyako mwenyewe. Vinaiambia seli ijigawe, nayo inatii, haijui kuwa amri si ya mwili. Vingine vinazima ile kinga inayoiamuru seli iliyoharibika ife. Basi inaongezeka tu."

"Nimekipata wapi?"

"Pengine tangu utotoni, kwa mate. Wengi wanacho na hawaugui kamwe. Kwa nini wewe, sijui. Ila kwa kupeana mkono hakiambukizi."

Tuliporudi nikamsihi baba awaeleze watu msikitini kwamba hana UKIMWI. Akakataa. "Nikisimama kutangaza kwamba mimi sinao," alisema, "nitakuwa nimewaambia wana haki ya kumkimbia aliye nao." Nilikasirika, nikatoka nje.

Ameanza sindano za saratani. Zinamtapisha sana, na chakula anakitazama tu. Mguu wa kulia umelainika, vinundu vimeanza kusinyaa. Wa kushoto bado mgumu. Daktari anasema vinaweza kupotea vikarudi, kwa sababu kirusi chenyewe hakitoki mwilini. Kila asubuhi naangalia miguu yake kabla sijamwamkia, na najua ananiona.

Kaka, baba hajaambiwa ulichoandika. Anasubiri umlete Salum kama ulivyoahidi. Mlete. Ukishindwa, njoo mwenyewe, umshike mkono mbele ya watu.

Nilipomaliza kusoma barua yako mama aliendelea kuchambua mchele. Nikamuuliza nikujibu nini. Akasema, "Mwandikie mwanangu kwamba nauli yake nimeiona, aitumie kuja yeye. Mimi kitanda changu kipo, na baba yake yumo."

Nimeandika kama alivyosema, sikupunguza neno.

Baba anakusalimu, mama anakusalimu, na Nikodemo anamuulizia Salum. Mpe wifi Bushra mkono wangu. Mungu awalinde njiani mkija, na akiwachelewesha awalinde hukohuko.

Mdogo wako akupendaye hata nikikasirika,
Naila