Mume Wangu Ananizungusha Bustanini, Nami Napenda

Mpendwa Bi Ottilie,

Nisaidie kabla ya Jumamosi maana nimekwama, mume wangu Hartwig ananizungusha, na simaanishi kwa maneno kama wanaume wengine, namaanisha kwa kamba hasa, bustanini, kwa sababu tangu astaafu posta ameng'ang'ania kupata cheti cha kumzungusha farasi kwa kamba ndefu, akafeli mara mbili, mwalimu wa zizini akamwambia, "Hartwig, kafanye mazoezi na mtu kwanza, farasi wangu wamekuchoka," basi mtu mwenyewe ndiye mimi, nashika ncha ya kamba, yeye anasimama katikati na mjeledi, akisema "mchakamchaka!" nakimbia, akisema "brrr!" nasimama, na jirani yetu Gesine anachungulia juu ya ua akiniuliza, "Wiebke shoga yangu, leo umeshapewa karoti?" na aibu gani hii, nilikuwa nimeshapewa.

Sasa tatizo ni kwamba naipenda kazi hii, maana yule mzee ambaye kwenye kahawa na keki alikuwa akiongea na gazeti, siku hizi ananitazama mimi, bega hadi kisigino, ananiambia "safi mama, inua magoti!" nami najisikia msichana, ila akipata cheti Jumamosi atahamia kwa Kunigunde, farasi jike wa zizini mwenye miguu mizuri kuliko yangu, kwa hiyo namharibia makusudi, akikosea simsahihishi, anaviringisha kamba kiganjani kama anafunga kifurushi, nanyamaza, anaacha katikati ananifuata nyuma, namsifu, jana kaniuliza, "Mkono wangu mzito kwenye kamba?" nikamjibu, "Laini kama siagi!" Je, nimwambie ukweli, au nimwache afeli abaki wangu?

Mke Mwenye Kwato, karibu na Verden

Mke Mwenye Kwato,

Nimecheka mpaka miwani ikaanguka, halafu nikakasirika. Pole, mama. Kuketi mezani na mtu anayeongea na gazeti kunauma, sikatai. Lakini umemfundisha mumeo uongo! Wewe ukishtuka unasema, "Aa, Hartwig jamani." Kunigunde akishtuka hasemi kitu, anaondoka, na kamba iliyoviringishwa kiganjani inaondoka na vidole.

Leo hii mwambie yote. Kamba aikunje mikunjo mikubwa, ailaze kiganjani, asiiviringishe mkononi kamwe. Asimame palepale katikati, ageuke juu ya kisigino chake, mwenye kutembea ni wewe. Mjeledi auelekeze chini, nyuma yako, na asikuguse nao hata kidogo. Akuzungushe kushoto na kulia sawasawa, maana nina hakika goti lako moja limeshaanza kulalamika. Akiuliza kwa nini ulinyamaza, usizunguke mbuyu. Mwambie, "Nilitaka unitazame." Jumamosi nenda naye, ukae mbele kabisa, umwombee afaulu.

Na lile wazo jingine linalokunyemelea, kwamba mume aliyevunjika vidole itabidi alishwe supu na mkewe, kijiko kwa kijiko, macho kwa macho, mpaka Krismasi, nimeliona, Wiebke (ndiyo, jina umelitaja mwenyewe). Usithubutu!

Bi Ottilie