Jiwe Liitwalo Tanga

Jumatatu, 3 Mei 1971

Nimerudi kutoka Musoma na hasira mpya. Nilikwenda maktaba kutafuta kitabu cha magonjwa ya pamba, nikatoka na kitabu cha nyota! Cha Kiingereza, kikuukuu, kinanuka mende. Kinasema kati ya Mirihi na Mshtarii kuna mawe kwa maelfu, yanalizunguka jua kama sisi. Kila moja lina namba. Mengine yana majina pia. Moja linaitwa Tanga.

Tanga! Nilisoma mara mbili, nikidhani ni njaa. Lilipigwa picha Johannesburg, 1930. Kwa macho halionekani, hafifu mno. Nakisia ni jeusi kama mkaa.

Johannesburg — watu wasiotaka kukaa benchi moja na Mwafrika — wamechukua jina la mji wetu wakalibandika kwenye jiwe lao. Nani aliwapa ruhusa? Mashamba ya mkonge tumeyataifisha. Jiwe bado!

Nimeanza barua kwa mhariri. Kichwa cha habari: "Jina Letu Lirudishwe."

Kuandika kwenyewe ni shida. Mjukuu analia. Mwanangu yuko kiwandani Mwanza, kwa hiyo mkewe kaniachia, mtoto kaniachia, na kelele zote ni zangu.

Jumatano, 5 Mei

Mhoja, katibu wa tawi, kasoma rasimu yangu akicheka hadi akavua miwani. "Ndugu Bernado, wazungu wa duniani umewamaliza, sasa unahamia wa angani?" Nikamwambia Mwongozo haukusema unyonge unaishia kwenye mawingu. Akasema basi niitishe mkutano wa hadhara hukohuko juu, yeye atakuja na baiskeli.

Mpumbavu. Lakini ndiye pekee hapa Nyasura anayesoma ninachoandika.

Marieta, mkwe wangu, kampeleka mtoto dispensari. Hana homa, hana kidonda, hana kitu. Ila titi analishika kidogo, analitema, analia. Hivyo hivyo tangu azaliwe.

Mke wangu, Dafroza, akatoa lililokuwa moyoni mwake: ni jina. Padri atampa la kwake, lakini la nyumbani ndilo linalosumbua. Kuna marehemu wa ukoo anataka kuitwa, na mtoto atalia mpaka atajwe. Nikamwambia, huu ni mwaka 1971, watu wamekanyaga mwezi!

"Na huko mwezini," akasema, "walikuta mtoto aliyenyamazishwa kwa hotuba?"

Kamtumia mama yangu habari kwa dereva wa lori la pamba. Aje.

Ijumaa, 7 Mei

Mama kafika kutoka Kisorya, vumbi hadi kwenye kope, kikapu cha ningu, samaki wa ziwani, waliokaushwa, kichwani. Mgongo umepinda, ulimi haujapinda. "Bernado, unazeeka vibaya. Baba yako alizeekaga vizuri."

Akawatoa samaki mmoja mmoja. Hawa wa Dafroza. Hawa wa mzazi, apate maziwa. Mmoja, mnene kuliko wote, akamfunga kwenye jani la mgomba na kumtundika juu ya jiko.

"Huyu wa Masatu."

Miaka yote hii! Kila akikausha samaki anatenga mmoja wa kaka yangu. Wiki ikiisha anampa mpita njia, anatenga mwingine.

Sikulala vizuri. Nimeamka na harufu ya maji ya mkonge puani. Uvundo ule! Nani angeamini nitautamani? Tulikuwa vijana, mimi na Masatu, tumejiandikisha Mwanza, treni siku na siku, kisha lori, hadi Tanga. Manamba. Hukuwa na jina shambani, ulikuwa na namba kwenye kipande cha kazi. Alfajiri nyapara anaita namba, wewe unaitika "Ndiyo bwana." Masatu hakuitikaga hivyo hata siku moja. "Mia nne sabini na mbili!" — naye anajibu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya ziwa: "Masatu wa Magesa, wa Kisorya, nipo!" Mstari mzima unacheka. Kofi. Kesho yake tena: "Masatu wa Magesa, wa Kisorya, nipo!" Mwishowe nyapara mwenyewe akawa anangojea kusikia.

Siasa yangu yote nimeipata pale. Vitabu vilikuja baadaye, kuthibitisha tu.

Mwaka 1954 mkataba wangu uliisha, wake ulikuwa umebakiza miezi kadhaa. Stesheni akanipa blanketi lake. Tangulia, akasema, mwambie mama aanze kukausha samaki.

Hakuja. Barua hazikujibiwa. Shamba lilisema alimaliza mkataba akaondoka. Hakuna aliyemwona mgonjwa. Hakuna aliyeona kaburi.

Jumamosi, 8 Mei

Leo majina. Wanawake wamejaa ndani, na jirani yetu Wankyo mbele yao kama mwenyekiti. Marieta anamweka mtoto titini, mama anamwinamia na kutaja marehemu. Magesa, baba yangu. Analia. Babu. Analia. Baba mdogo aliyezama na mtumbwi. Analia zaidi!

"Huyu mume wangu ananikataa," mama akasema, akimtania mtoto. "Nimemletea wanaume wote wa ukoo, hakuna anayemtosha. Ana maringo ya mtu aliyesafiri."

Wakacheka. Nami nilicheka, mlangoni, nikijifanya ninasoma.

Majina yakaisha. Mtoto bado analia. Ndipo Wankyo, taratibu, akiangalia sakafu: "Bado moja hamjalitaja."

Mama akanyanyuka. Akajifunga kanga upya, ingawa haikuwa imelegea.

"Huyo yuko safarini."

Akatoka nje. Jina la aliye hai halijaribiwi. Kulijaribu ni kusema amekufa. Na mtoto akilipokea, basi amekufa kweli, tukae matanga.

Mimi, adui wa ushirikina wilaya nzima, nikajikuta namfokea Wankyo mbele ya wageni. Nikasema huu ni ujinga, hakuna ushahidi, mtoto ana gesi tumboni. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko hoja.

Jumatatu, 10 Mei

Butiama, darasa la watu wazima. Nilitakiwa kufundisha mbolea. Nikafundisha mbolea kidogo, kisha jiwe. Sikuweza kujizuia! Nikachora jua ubaoni, dunia, Mshtarii, na katikati doa la chaki. Nikauliza: ni haki mtu wa Johannesburg kuita kitu Tanga bila kutuuliza?

Si haki! wakasema. Wakapiga makofi. Mzee mmoja akauliza kama jiwe hilo linatozwa kodi.

Halafu bibi mmoja wa Mwitongo, kaja na jembe lake, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hao waliolipatia jina, walilisikia likilia?"

Nikasema mawe hayalii, bibi.

"Basi walijuaje kwamba ndilo jina lake?"

Darasa likamcheka. Nikafuta ubao.

Jumanne, 11 Mei

Nimekisoma tena kitabu. Kuna jambo sikuliona. Mawe haya hupotea! Jiwe linaonekana mara moja, mstari mwembamba kwenye picha, kisha jua linalificha au hesabu hazitoshi, na halionekani tena kwa miaka. Lakini hawasemi limekufa. Wanasema limepotea. Namba yake, ikiwa lilishapewa, inabaki yake. Jina linabaki lake. Jiwe jingine halipewi. Wanangoja, wanapiga hesabu, na mara nyingine linaonekana tena.

Nilifurahi kama mtoto. Nikawaita Dafroza na mkwe wangu jikoni, nikawaeleza yote. Mama alikuwa akichambua mtama, hakuinua kichwa, lakini mkono wake ulisimama. Nikasema, mnaona? Hata hao, na ukorofi wao, wanajua kungoja.

Marieta ana heshima, hajawahi kunijibu tangu aolewe. Leo alisema, chini chini:

"Baba, jiwe halinyonyi. Mwanangu anakonda."

Jumatano, 12 Mei

Dispensari tena. Uzito umeshuka. Wamesema kesho kutwa tumpeleke Musoma, hospitali. Nauli ipo, gari ni tatizo.

Mhoja kapita, kauliza barua kwa mhariri imefikia wapi. Nikasema bado. "Wewe? Bado?" Akaniangalia usoni, hakutania tena. Ameahidi kutafuta gari.

Mama hajala tangu jana.

Alhamisi, 13 Mei

Asubuhi. Naandika upesi, uani, daftari magotini.

Marieta alikuwa amesinzia ameketi. Mama na Dafroza walikwenda kisimani. Nikamchukua mtoto nikatoka naye nje. Mwepesi! Mwepesi kama gazeti. Analia bila sauti sasa, mdomo tu. Nikatembea naye huku na huku. Wimbo siujui hata mmoja wa watoto. Nikamsimulia ninachokijua. Nikamwambia juu ya Tanga, si ile ya angani, ile nyingine. Ukungu wa alfajiri, miiba ya mkonge, uji wenye wadudu. Nikamwambia nyapara anavyoita. Nikaita kama nyapara: "Mia nne sabini na mbili!"

Na mdomo wangu ukamalizia wenyewe. Kwa sauti kubwa. Kwa sauti yake.

"Masatu wa Magesa, wa Kisorya, nipo!"

Mtoto akaacha kulia.

Akageuza uso kifuani kwangu, anatafuta. Mimi! Shati la kaki! Marieta alishaamka, alikuwa mlangoni, akamchukua. Mtoto akalishika titi. Nikasema moyoni ni sauti kubwa tu, imemshtua, kitoto chochote kingeshtuka. Bado nasema hivyo. Njaa hufika mahali ikashinda. Kuna sababu nyingi. Ninaweza kuziandika kumi.

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama penye ua wa minyaa, ndoo kichwani, maji yanamchuruzika shavuni.

"Umemwambiaje?"

"Nilikuwa namsimulia tu, mama."

"Simulia tena."

Nikaketi, nikafungua daftari.

Akatua ndoo. Akapita mbele yangu, akaingia jikoni. Ametoka na samaki wa Masatu, amelifungua jani, ameketi hapa hatua chache nami, samaki kampakata. Ndani namsikia mtoto anameza. Anameza, anapumzika, anameza. Dafroza kasimama na kuni mkononi, hataki kuzitia motoni mpaka mmoja wetu aseme.

Mama ananiuliza mimi, mkubwa wa kiume aliyebaki — ndivyo alivyosema, "aliyebaki" — kama mzazi apikiwe samaki huyu, au tumtundike tena amngoje mwenyewe.

Nimemwambia angoje nimalize kuandika.

Anauliza tena.